KUPIGA HODI SI KUKAGUA STIMA: TUONYESHENI SHERIA KWANZA

Tuanze na karatasi yenyewe, maana wengi wenu mnayo nyumbani. Nusu ukurasa, nembo ya kaunti juu, muhuri wa buluu chini. Kila nyumba yenye stima ilipe Sh3,000 za kukaguliwa nyaya. Juu ya hiyo, Sh1,000 kwa kila mita iliyoko kwenye ploti. Siku saba, la sivyo hatua za kisheria. Kisha mstari wa mwisho unasema haya yote yanafanywa kwa mujibu wa sheria za kaunti.

Sheria gani? Ya mwaka gani? Kifungu cha ngapi? Karatasi imenyamaza. Tuliwauliza waliozileta, wakasema nendeni ofisini. Tulipofika ofisini dirisha la kwanza likatutuma la tatu, na la tatu likasema mkubwa yuko semina. Sitaji kaunti kwa jina leo kwa sababu barua yetu iko mezani kwao na tumewapa nafasi ya kujibu. Wakazi wa mtaa wanajua nazungumzia nini. Nanyi wa kaunti nyingine someni vilevile, kwa sababu karatasi za aina hii hazikai mtaa mmoja.

Wacha niseme mapema lile ambalo watetezi wa hii ada watalirukia. Hatupingi ukaguzi. Anayeishi kwenye nyumba zetu anaijua hofu ya moto. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ilivutiwa stima zamani za baba, ikaongezwa vyumba vya uani, kisha juu pakapigwa mabati pakawa pa kulala, na yote hayo yanakula kwenye waya uleule wa siku ya kwanza. Soketi moja imebeba ekstensheni tatu, friji, pasi na simu za watu wanane. Waya wa sambaza kutoka kwa jirani umepita juu ya paa la makuti. Moto ukishika hapo, gari la zimamoto haliingii kichochoroni hata likifika mapema, na kufika mapema kwenyewe ni bahati. Kama kaunti ingemleta mtu anayejua kazi, akapima nyumba kwa nyumba na kutuambia ukweli, mimi ningekuwa wa kwanza kumshikia ngazi.

Lakini hawakuja na ngazi. Walikuja vijana wawili na askari mmoja wa kanjo. Hawakuwa na bisibisi, hawakuwa na kifaa chochote cha kupimia. Walikuwa na kitabu cha risiti.

Kwa mama mmoja mjane (simtaji, ametuomba) walisimama barazani kama dakika tano. Ndani hawakuingia. Waliuliza mita ngapi, wakahesabu kwa macho, nne, wakamwandikia Sh7,000. Mama huyu anaishi kwa kodi ya vyumba vitatu na mahamri anayokaanga alfajiri. Pesa zilizokuwa ndani zilikuwa za karo ya mjukuu wake wa sekondari. Akatoa Sh4,000 mkononi, taslimu, wakamwambia watarudi Ijumaa kwa salio. Ile risiti nimeiona kwa macho yangu. Imeandikwa kwa kalamu neno moja, "ada", na kiasi. Haina namba ya nyumba. Haina jina la mkaguzi. Haisemi kama nyaya zake ni nzima au mbovu.

Sasa mtu anieleze, mama amenunua nini? Kama waya wa chumba cha uani ulikuwa umechubuka jana, leo bado umechubuka. Tofauti ni kwamba sasa hana hata pesa ya kumwita fundi aubadilishe.

Nilikaa na mafundi wawili wa stima wenye leseni nikawauliza ukaguzi wa kweli unafanywaje. Walicheka kwanza. Halafu wakanieleza. Unazima swichi kuu, unafungua boksi la sakiti, unatazama kama kila sakiti inalingana na unene wa waya inaoulinda, kwa sababu watu wengi stima ikikatika-katika wanaweka sakiti kubwa zaidi ili isizime, na hapo ndipo waya unapashwa moto ndani ya ukuta bila kitu cha kuuzuia. Unapima kwa kifaa kama ngozi ya waya bado inashikilia au stima inavuja. Unapima ule waya wa kupeleka stima ardhini, maana kwenye nyumba nyingi za zamani ama haupo ama umeozea chini kwa chumvi yetu ya Pwani. Unaangalia kila soketi kama waya wa moto na wa baridi haukubadilishwa. Ukimaliza unaandika ripoti, unatia sahihi na namba ya leseni yako, ili kesho likitokea jambo ujulikane. Nyumba ya vyumba sita si kazi ya dakika tano, na haifanyiki ukiwa umesimama nje.

Tena mfumo wa kukagua upo tayari. Sheria ya Kawi ya 2019 imeiweka EPRA kuwa mamlaka ya kusimamia kazi hii nchi nzima. Mafundi wa stima wanapewa leseni kwa madaraja, kuanzia A1 mpaka C2, kulingana na ukubwa wa kazi wanayoruhusiwa kugusa. Nyumba ikimaliza kufungwa nyaya, fundi mwenye leseni anatia sahihi cheti, cheti kinakwenda kwa kampuni ya stima, na kampuni inapima kabla ya kukuletea mita. Wengi wetu tulipitia hayo na tukayalipia. Kwa hiyo kaunti ikija kudai malipo ya ukaguzi, swali la kwanza ni rahisi tu: mnakagua nini ambacho hakikukaguliwa, na aliyewapa kazi hiyo ni nani?

Hapa nitakuwa mwadilifu kwao kuliko karatasi yao ilivyokuwa kwetu. Kaunti haiko nje kabisa ya hili jambo. Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, linaipa kaunti kazi ya usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi, na pia kazi ya zimamoto. Lakini jedwali hilohilo, sehemu ya kwanza, linaipa serikali kuu sera ya kawi pamoja na usambazaji na udhibiti huohuo. Ni kazi ya wawili. Kwa hiyo afisa akikwambia kaunti ina mamlaka juu ya usalama wa stima, usibishane naye sana. Huenda ana hoja. Mwambie: sawa, mamlaka ya kufanya kazi unayo. Mamlaka ya kunitoza umeyatoa wapi?

Maana hayo ni mambo mawili. Kifungu cha 209 cha Katiba kimeitajia kaunti kodi zake: kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na nyingine yoyote ambayo Bunge limeiruhusu kwa sheria. Halafu ibara ya nne ya kifungu hicho inasema serikali, ya juu na ya kaunti, inaweza kutoza malipo kwa huduma inazotoa. Isomeni tena pole pole. Huduma inazotoa. Si huduma inazokusudia kutoa wala huduma zilizoandikwa kwenye karatasi. Mtu akisimama barazani, akahesabu mita na kuandika risiti, hakuna huduma hapo. Malipo yasiyo na huduma ni kodi iliyovalishwa kanzu ya ada, na kodi hiyo haimo kwenye orodha ya 209.

Kifungu cha 210 kinafunga mlango uliobaki. Hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa. Na kifungu cha 199 kinasema sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe kwenye Gazeti rasmi la serikali. Kwa hiyo haitoshi afisa kusema "ilipitishwa". Ilipitishwa lini, na imechapishwa wapi? Hili si jambo la kuhitaji wakili. Ni jambo la kutoa nakala moja.

Tetesi tunazosikia ni kwamba hii ada imo kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti. Inawezekana, na hapo nataka tuambiane ukweli sisi kwa sisi. Juni 2024 vijana wa nchi hii waliusoma Mswada wa Fedha wa serikali kuu kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaingia barabarani, wengine hawakurudi kwao, na Rais akakataa kuutia sahihi. Lakini kila kaunti nayo ina mswada wake wa fedha kila mwaka. Bunge la kaunti lina siku 90 za kuupitisha baada ya kupitisha matumizi. Huo ndio unaopanga ada ya kibanda, ya kuegesha tuktuk, ya kuchinja, ya kuzika, na sasa pengine ya nyaya zako. Nani kati yetu ameushika mkononi? Wakubwa wanajua macho yetu yako Nairobi, ndiyo sababu mistari kama hii inapitishwa huku tukiwa tunatazama kule.

Na hata kama imo, haijaisha. Kifungu cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Aprili 2014 Mahakama Kuu iliitupa nje Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, nzima nzima, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Tangazo la haraka halikutosha. Jaji alisema kaunti ina wajibu wa kuwahimiza watu washiriki kwa njia nyingi iwezekanavyo, na akazitaja: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, redio. Misikiti imetajwa kwa jina, ndugu zangu. Basi nauliza, nani amesikia hii ada ikitangazwa msikitini kwake baada ya Ijumaa? Kanisani Jumapili? Kwenye baraza la chifu? Kwenye redio zetu hizi ambazo asubuhi hadi jioni zinatangaza dawa za mvuto? Kwenye mtaa wetu tumeuliza nyumba kwa nyumba. Habari ya kwanza ilikuwa ile karatasi yenyewe.

Kuna wanaosema Sh3,000 ni pesa kidogo, acheni kelele. Anayesema hivyo hajawahi kupanga chumba uani. Landlodi hatailipa kutoka mfukoni mwake, ataigawa kwa wapangaji, na mwezi ujao atasahau kuiondoa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 120, inaitaka kaunti iwe na sera ya bei za huduma zake, inayowatendea watumiaji kwa usawa, na inayohakikisha familia maskini zinafikia angalau huduma za msingi kwa bei ya chini au kwa kufidiwa. Karatasi yetu haina habari hiyo. Mjane wa mahamri na mwenye ghorofa lenye lifti wote wanaanzia Sh3,000. Tena kwa hesabu ya mita, mwenye jumba la vyumba kumi na mita moja analipa Sh4,000, na mjane mwenye vyumba vinne vya mita nne analipa Sh7,000. Aliyepanga hesabu hii hakuwa akifikiria moto. Moto hauhesabu mita.

Wengine wanasema kaunti haina pesa, Hazina Kuu inachelewesha mgao, zimamoto litanunuliwa kwa nini? Hoja hiyo naiheshimu. Ni kweli mgao unachelewa, na ni kweli kaunti zinasukumwa zikusanye mapato yao zenyewe. Lakini basi pesa ziingie kaunti. Kifungu cha 207 kinasema fedha zote zinazokusanywa kwa jina la kaunti ziingie kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Pesa taslimu alizotoa yule mama barazani, kwa risiti ya kalamu, ziliingia mfuko gani? Kaunti ina namba ya Paybill ya mapato yake. Kwa nini haikuandikwa kwenye karatasi? Simwiti mtu mwizi, sina ushahidi huo. Ninachosema ni kwamba aliyepanga ukusanyaji huu ameupanga kwa namna ambayo mwizi na mkweli hawawezi kutofautishwa, na hilo peke yake linatosha kuusimamisha.

Halafu vitisho. Kuna wapangaji walioambiwa wasipolipa watakatiwa stima. Mita si ya kaunti. Waya wa nguzo si wa kaunti. Mkataba wa stima ni kati yako na kampuni ya stima, na mtu asiye na idhini akigusa mita au kuvunja lakiri yake, mwenye kosa ni yeye. Na nyumba yako ni nyumba yako: kifungu cha 31 kinalinda faragha ya mtu na makazi yake. Mgeni wa serikali anabisha hodi, anaonyesha kitambulisho cha kazi, anaeleza shida yake na sheria inayomtuma. Kina mama walio peke yao mchana, msione haya kumwambia arudi jioni wenyewe wakiwepo. Kwa adabu, bila matusi. Hatutaki mtu ashikwe kwa kumtukana askari halafu kesi ya ada ipotee ndani ya kesi ya matusi. Kanjo wanaijua sana hiyo njia.

Sasa tufanye nini. Usilipe taslimu kwa mtu yeyote mlangoni. Sikwambii usilipe milele. Ikithibitika kuna sheria halali, na mkaguzi mwenye sifa amekuja akakagua, tutakaa tuzungumze kiasi. Kwa sasa, ukiletewa karatasi, ipokee, andika nyuma tarehe, saa na jina la aliyeileta. Akikataa kutaja jina, andika kwamba amekataa. Hiyo nayo ni habari.

La pili ni barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kutoka ofisi ya umma. Ombi unaweza kuliandika kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema Kiingereza au Kiswahili, kwa hiyo mtu asikurudishe dirishani kwa sababu ya lugha. Kuliwasilisha hakulipiwi. Asiyeweza kuandika, afisa ana wajibu wa kumsaidia liandikwe. Na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Wakikaa kimya au wakikataa, tunakwenda kwa Ombudsman. Barua yetu ya mtaa imeomba nakala ya sheria inayotoza hii ada na tarehe ilipochapishwa, kumbukumbu za vikao vya kushirikisha wananchi, majina na sifa za wakaguzi, na fomu ya ripoti wanayoijaza. Kama fomu hiyo haipo, watuambie haipo.

La tatu, mwakilishi wetu wa wadi. MCA alikuja kwenye harusi mbili mwezi huu na alikula vizuri. Aje sasa atuambie, siku mswada wa fedha unapigiwa kura alikuwa ndani ya ukumbi au nje? Sheria ya Serikali za Kaunti inaturuhusu kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti tukitaka jambo lizingatiwe, na tunalipeleka. Ndani yake tunaomba ada isimamishwe, waliokwisha kulipa warudishiwe, na kama kaunti inataka ukaguzi wa kweli, ukae mezani pamoja na EPRA, kampuni ya stima na mafundi wenye leseni wa hapa hapa, uanze na nyumba zilizo hatarini zaidi, na familia zisizojiweza zikaguliwe bure. Mafundi wawili wa mtaa wameshakubali kujitolea Jumamosi mbili kupima nyumba za wajane na wazee. Wameleta vifaa vyao wenyewe. Kaunti yenye bajeti inashindwa nini?

Tunakutana Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, uwanja wa shule, majirani wote, Waislamu na wasio Waislamu, maana karatasi haikumuuliza mtu dini yake. Njoo na ile karatasi. Kama ulilipa, njoo na risiti, tutaipiga picha na kukurudishia papo hapo. Landlodi na mpangaji mje wote wawili, msitumiane. Yule mama wa mahamri amesema atakuwepo, na salio la Ijumaa hajalitoa.